Ngao ya Akina Tirlby

Jina la mabwana wa Ekhult, shamba kubwa la huku kwetu Uswidi, lilikuwa Thirlby, lakini sisi watu wa usharika ule hatukuwahi kulitamka sawasawa, na wao wenyewe baada ya vizazi viwili wakachoka kuturekebisha. Wakawa Tirlby. Walikuwa Waingereza, au tuseme waliwahi kuwa Waingereza, na Gunilla alilijua hilo kabla hajajua jambo lingine lolote kuhusu nyumba ile, kwa sababu siku yake ya kwanza kazini bibi mkubwa alimtia tambara mkononi akamwambia apanguse picha.

Hakuajiriwa kupangusa picha. Alikuwa binti wa Nils wa kule ukingoni mwa msitu, mtu aliyelipia kibanda chake kwa kuvuna shamba la bwana kabla hajagusa lake, na alikuwa ameletwa kukama ng'ombe na kusukasuka siagi. Lakini kijakazi wa ndani alikuwa kitandani na homa, na bibi mkubwa Eleonora hakuwa mtu wa kungoja homa ya mtu.

"Unamwona huyu?" bibi mkubwa alisema, akinyoosha bakora yake kuelekea picha ya mwanamume mwenye pua ndefu iliyopinda kidogo upande wa kushoto. "Huyu ndiye Wiliamu. Alitoka Uingereza akaja kumpigania mfalme wetu kule Ujerumani. Alishika daraja kutwa nzima na watu wachache tu, mpaka jeshi lote likavuka. Mfalme akamfanya kabaila, akampa Ekhult na kila aliyeishi ndani yake. Na usidhani aliokotwa njiani. Huko kwao walikuwa na ngome ya mawe yenye minara."

"Ndiyo, bibi mkubwa."

"Usimsugue usoni hivyo! Mguse kama unampangusa mtoto mchanga."

Basi Gunilla akawapangusa wote. Baada ya Wiliamu alikuwapo mwanawe, aliyejenga nyumba kubwa. Akafuata mjukuu, ambaye serikali ilimnyang'anya nusu ya mashamba na akafa akiwa bado anaitukana. Wakafuata ndugu watatu, wamechorwa pamoja kwenye picha moja, vijana wa mashavu mekundu, waliofuatana na mfalme mwingine kwenda Urusi na asirudi hata mmoja. Mama yao aliiendesha Ekhult kwa miaka akiwa amevaa koti la jeshi la mmoja wao. Halafu alikuwapo mcheza kamari, aliyeipoteza mashine ya kusagia nafaka kwa usiku mmoja wa karata. Wa mwisho alikuwa marehemu mume wa bibi mkubwa, aliyeanguka mezani akiwa na uma mkononi. Wote walikuwa na pua ile ile. Na juu ya mlango, imechongwa kwenye mbao na kupakwa rangi, ilikuwapo ngao ya ukoo: jogoo amesimama juu ya daraja.

"Jogoo wa nini?" Gunilla alimwuliza Lovisa, mpishi, waliposhuka jikoni.

"Wa kuwika," alisema Lovisa. "Hujawasikia?"

Aliyekuwa hai katika wanaume wa ukoo ule alikuwa mmoja tu: Luteni Klas, mwana pekee wa kiume wa bibi mkubwa. Alirudi kutoka vita vya Ufini akichechemea, kwa kuwa baridi ya huko ilikula vidole vya mguu wake wa kulia. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na mazoea ya kuja kwenye chumba cha maziwa, kwa sababu mle ndani kulikuwa na ubaridi na ukimya, na kwa sababu mama yake hakukanyaga mle. Mama huyo alisema harufu ya mtindi inampandisha kichefuchefu. Klas aliigeuza ndoo juu chini, akaikalia, akaongea huku Gunilla akisukasuka siagi.

"Unaijua ngome yetu ya Uingereza?" alimwuliza siku moja.

"Ile yenye minara, Bwana Luteni."

"Niliitafuta."

Gunilla akapunguza mwendo wa mkono.

"Kabla ya vita nilipelekwa Uingereza na wakubwa wangu," alisema Klas. "Nikaomba ruhusa, nikapanda gari la farasi mpaka kwenye mji aliotoka Wiliamu. Nikauliza ngome ya akina Thirlby iko wapi. Watu wakanitazama kama nimeuliza njia ya kwenda mwezini. Mwisho mwanamke mmoja akasema, Thirlby? Yuko mmoja, pale karibu na soko. Nikaenda. Unajua nilimkuta nani?"

"Nani?"

"Muuza matumbo ya ng'ombe! Aproni imelowa damu mpaka magotini, mikono hivi, na pua hii." Klas akaishika pua yake mwenyewe. "Pua hii hii, Gunilla! Nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu kwamba mimi ni ndugu yake kutoka Uswidi, kwamba kwetu ni makabaila. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa bia, akasema: kwetu hakuna aliyewahi kuwa na kitu. Kama kuna aliyekwenda kwenu akawa bwana, basi mtu huyo alikuwa mwongo hodari."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Gunilla naye akacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa moyo wote, mpaka akalazimika kuuachia mti wa kusukasukia.

"Sijamwambia mama," alisema Klas akijifuta macho. "Sijamwambia mtu yeyote. Nimekwambia wewe."

Hapo ndipo ilipoanzia. Watu baadaye walisema mengi, kwamba alimrubuni kwa utepe, kwamba msichana alikuwa na tamaa ya kupanda ngazi ya mbele. Haikuwa hivyo. Alimpa kicheko chake cha siri, na msichana ambaye hakuwahi kupewa chochote isipokuwa amri alikipokea kama mtu anayekabidhiwa funguo za nyumba.

Alipomwambia kwamba ana mimba, Klas alitazama sakafu ya mawe, kisha akamshika mikono yote miwili.

"Nitakuoa," alisema. "Mbele ya Mungu wewe ni mke wangu tayari, sikiliza, nakuahidi. Ila tungoje mama afe kwanza. Moyo wake ni mbovu, daktari amesema. Habari hii itamuua, nami nitakuwa nimemuua."

"Nimesikia, Bwana Luteni," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa Lovisa, amekuja kuchukua malai, amesimama na gudulia lake na wala hakuona haya.

Klas alibadilika rangi, lakini akajikaza. "Vizuri. Basi wewe ni shahidi."

Na kwa sheria ya nchi yetu siku zile, hilo halikuwa neno dogo. Mwanamke aliyezaa kwa ahadi ya ndoa angeweza kusimama mbele ya baraza la wilaya, na kama ahadi ilithibitika, baraza lilimtangaza kuwa mke, mwanamume apende asipende, na mtoto akawa mtoto halali. Kila kijakazi aliijua sheria hiyo kuliko alivyozijua amri kumi.

Gunilla hakwenda barazani. Alizaa mtoto wa kiume kwenye kibanda cha baba yake, na mchungaji alipokuja kuuliza baba ni nani, aligeuza uso kuelekea ukutani. Nils, baba yake, mtu mpole ambaye hakuwahi kumwinulia mkono, alisimama miguuni pa kitanda na kofia yake mikononi.

"Sema jina, mwanangu."

"Siwezi, baba."

"Unaweza, ila hutaki. Kijiji kizima kitanicheka mimi kwa ajili ya mtu unayemficha?"

"Baba, subiri kidogo tu. Utaona."

"Basi usiniite baba mpaka siku nitakayoona."

Nils alifariki majira ya baridi ya pili baada ya hapo, mti ulimwangukia msituni, na alikuwa bado hajaona kitu.

Gunilla alipigishwa magoti kanisani, kwenye kigoda chake peke yake mbali na wake za watu, akaungama. Kuanzia siku ile alifunga kichwa chake kitambaa cha mwanamke ambaye si msichana tena wala si mke wa mtu, ili kila anayekutana naye njiani ajue la kufikiri. Bibi mkubwa alitaka afukuzwe. Klas akasema siagi ya Gunilla ndiyo inayosifiwa mpaka mjini, na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli, akabaki. Mtoto akaitwa Mattis. Aliambiwa baba yake alikuwa askari aliyefia Ufini. Vita vya Ufini vilikuwa vimekwisha miaka miwili kabla hajatungwa, na watu wa Ekhult wanajua kuhesabu.

Basi akangoja. Bibi mkubwa Eleonora, mwenye moyo mbovu, aliishi. Aliishi mpaka akawazika madaktari wake. Kila masika alitangaza kwamba hii ndiyo ya mwisho, na kila vuli alikuwa ameketi mezani akilalamikia supu. Alipokufa hatimaye, Gunilla alifua kitambaa chake, akakipiga pasi, akakaa kwenye chumba cha maziwa na mikono mapajani. Klas alikuja siku ya tatu.

"Mwaka wa matanga kwanza," alisema. "Watu watasema nini?"

Mwaka ulipokwisha ilikuwa arusi ya binti wa dada yake, na haifai kumwaibisha msichana wa watu. Kisha mavuno yakaharibika. Kisha akapandishwa cheo akawa kapteni. Kisha hakutoa sababu tena, na Gunilla hakuuliza tena, na siku ambayo wote wawili waliacha haikuwa na alama yoyote. Ilikuwa siku ya kutengeneza jibini kama nyingine. Ndoo ilirudi kuwa ndoo. Kapteni akipita uani alimpa Gunilla salamu ya kichwa, kama anavyompa salamu msimamizi.

"Mwendee barazani," Lovisa alimwambia zaidi ya mara moja. "Mimi nipo. Nitaapa kwa sauti mpaka jaji azibe masikio."

"Alinipa neno lake, Lovisa."

"Neno lake! Ungepewa mbuzi ungekuwa na maziwa."

"Nikimpeleka barazani atanichukia."

"Na sasa anakupenda?"

Gunilla alikuwa na Mattis, aliyekua mrefu, mkimya, na mwenye pua ndefu iliyopinda kidogo kushoto, mpaka ikawa wageni wa Ekhult wakimwona wanasita katikati ya sentensi. Alipofika umri wa kujifunza kazi, Kapteni aliagiza apelekwe kwa Bengt, mhunzi wa shambani. Ndicho kitu pekee alichowahi kumpa mwanawe, na hata hicho alikipitishia kwa msimamizi. Bengt alipozeeka Mattis ndiye akawa mhunzi. Aliitwa Mattis wa Gunilla, na hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza lolote.

Miaka ya elfu moja mia nane na arobaini na kitu, mwishoni mwa majira ya baridi, Kapteni Klas alishikwa na kifua. Mtoto wa dada yake, Luteni Otto, kijana mwembamba mwenye buti zinazolia, alikuja kumwuguza, na nyuma yake likaja gari la kuchukulia vitu. Kapteni hakula chochote. Siku moja asubuhi akasema anataka mtindi, na uletwe na Gunilla mwenyewe.

Alibadilisha aproni. Alipanda ngazi ya mbele, ambayo hakuwahi kuipanda bila tambara mkononi, akaingia chumbani. Otto alikuwa dirishani. Kapteni alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amekonda, pua imebaki peke yake usoni. Gunilla alimshikia bakuli, naye akanywa kidogo kidogo huku macho yake yakimtazama, na Gunilla akasema moyoni: sasa. Anasema sasa. Otto yupo, anasikia, shahidi wa damu yake mwenyewe.

"Gunilla," alisema Kapteni.

"Naam, Bwana Kapteni."

Alipumua. Alimtazama Otto, kisha akamrudia. "Mtindi wako daima ulikuwa mzuri."

Akafumba macho. Gunilla akangoja kidogo kama kuna linalofuata. Otto akakohoa.

"Asante, Bwana Kapteni," alisema, akachukua bakuli, akashuka.

Kapteni alikufa kesho yake. Jikoni, wakati wa kukaanga keki za matanga, Lovisa ndiye aliyeleta habari ya ngao.

"Wanasema itavunjwa kanisani, juu ya jeneza. Ndiyo desturi ya makabaila. Ukoo ukiisha, ngao inavunjwa, na kule Stokholmu, kwenye kitabu cha makabaila, watachora mstari kwenye jina lao."

"Ukoo umekwishaje?"

"Hakuna mwanamume aliyebaki," alisema Lovisa.

Kutoka upande wa pili wa uani ilisikika nyundo ya Mattis, akinyoosha bawaba za mlango wa chumba cha makaburi ya ukoo, maana Otto alikuwa ameagiza ufunguke bila kelele.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa mpaka nje. Makabaila wa wilaya nzima walikaa mbele na manyoya yao. Sisi tulisimama nyuma tukinuka kondoo. Mchungaji Hagelin alihubiri kwa muda mrefu. Alisimulia daraja la Ujerumani. Alisimulia habari za ndugu watatu waliopotelea Urusi. Alisimulia ngome ya mawe huko Uingereza, yenye minara, ambapo mababu wa marehemu walikaa tangu enzi na enzi kabla ya kuitoa damu yao safi kwa ajili ya Uswidi, damu ambayo leo imekoma. Gunilla, mwishoni kabisa mwa benchi la watumishi, alimkumbuka muuza matumbo, na kwa mara ya kwanza tangu kifo kile alihisi kicheko kikimpanda. Alitaka kusimama aseme: mwongo hodari. Alikuwa ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa nacho kichekesho kile, na hakuwa na wa kumpa.

Kisha ngao ililetwa. Jogoo wake alikuwa amepakwa rangi upya. Iliwekwa juu ya jiwe mbele ya jeneza, na meja mmoja mzee, rafiki wa marehemu, akachomoa upanga akaipiga kwa bapa lake. Ngao ikaruka, ikatua ikiwa nzima. Akapiga tena. Ilikuwa mbao za mwaloni wa Ekhult, unene wa kiganja, iliyokauka kwa miaka mia mbili. Pigo la tatu likaupinda upanga. Nyuma kule mtu alicheka, akajifanya anapiga chafya.

Otto alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Mhunzi yuko wapi?" alisema, si kwa sauti kubwa, lakini kanisa lile linapokea kila sauti. "Mwiteni mhunzi."

Mattis alikuwa amesimama kando ya mlango wa makaburi na nyundo yake, tayari kuufunga baada ya jeneza kushushwa. Alikuja taratibu. Njia ilimfungukia, na kadiri alivyosogea mbele ndivyo kanisa lilivyozidi kunyamaza, kwa sababu taa za madhabahuni zilikuwa zimewashwa na uso wake ulikuwa unaonekana vizuri, na pembeni ya jeneza, kwenye ukuta, ilining'inia picha ya Wiliamu iliyoletwa kwa ajili ya siku hiyo. Meja mzee alimtazama mhunzi, akaitazama picha, akaanza kuchunguza upanga wake.

"Nifanye nini, Bwana Luteni?" Mattis aliuliza.

"Ivunje, mtu wangu. Ivunje tu."

Mattis hakuinua nyundo. Aligeuza kichwa, akatafuta kwenye benchi la watumishi mpaka akamwona mama yake, akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesimama mlangoni akiuliza kama kuna mtu ndani.

Kanisa zima lilijua analoulizwa Gunilla. Mchungaji alijua. Lovisa, pembeni yake, alimfinya mkono mpaka kucha zikaingia. "Sasa, wewe," alinong'ona. "Sasa! Nipo."

Gunilla alifungua mdomo. Alihisi magoti yakianza kunyooka, alihisi jina liko pale juu ya ulimi. Akamwona Otto akitoa saa yake mfukoni. Akaona manyoya yote yale, migongo yote ile iliyonyooka. Akakumbuka sauti ikisema mbele ya Mungu wewe ni mke wangu tayari, na akaona kwamba, kama akisema sasa, atakuwa anasema kwamba mwanamume yule ndani ya sanduku alikuwa mwoga, na yeye alimngoja mwoga kwa ujana wake wote. Magoti yakarudi chini.

Mattis akageuka. Pigo la kwanza lilikata kichwa cha jogoo. La pili likalipasua daraja katikati. Alipiga tena na tena, bila haraka, mpaka hapakuwa na kipande kikubwa kuliko kiganja, mpaka Otto akasema, "Inatosha, inatosha!" Kisha Otto akapaza sauti, akatangaza kwamba Tirlby walikuwapo hadi leo na kuanzia leo hawapo tena, na vipande vikakusanywa vikatupwa juu ya jeneza.

"Mkono mzuri," Otto alimwambia baadaye pale nje, akimpa kikombe cha pombe kali mbele ya watu. "Baba yako naye alikuwa mhunzi?"

"Hapana, Bwana Luteni," alisema Mattis. "Baba yangu hakuwa na kazi yoyote."

Akamrudishia kikombe bila kukionja.

Alasiri hiyo alikuja kwenye chumba cha maziwa. Gunilla alikuwa anaosha beseni ambalo lilikuwa safi.

"Tangu lini unajua?" alimwuliza.

"Mama, kunguru wa Ekhult wanajua. Nilipigwa shuleni kwa ajili ya pua hii kabla sijajua kusoma."

"Hukuniuliza."

"Nilikuwa nangoja uniambie. Nimerithi kungoja kwako." Aliegemea mlango. "Lovisa ameniambia leo kwamba alisikia ahadi. Kwamba angetoa ushahidi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa hiyo ulikuwa na shahidi na ulikuwa na sheria. Siku moja tu barazani. Ningekuwa na baba. Babu angekufa akiwa bado na binti."

"Aliniomba nimsubiri."

"Na leo? Leo alikuwa hawezi hata kukuomba!"

"Mattis, hujui ilivyokuwa. Alikuwa... aliniambia mambo ambayo hakumwambia mtu. Siku moja alikwenda Uingereza, akamkuta—"

"Sitaki hadithi zake!" Ilikuwa mara ya kwanza kumpandishia sauti. "Sikutaka mashamba yao, mama. Sikutaka jogoo wao. Nilitaka unione pale mbele na usimame. Basi. Umeniacha nimvunje jogoo wao kwa mkono wangu, umekaa."

Gunilla aliendelea kulisugua beseni. Alikuwa na maneno, lakini yote yalianza na jina la Klas. Mattis alingoja kidogo, kisha akaenda zake.

Kabla nyasi hazijakatwa alikuwa ameondoka. Walikuwa wanatafuta wahunzi kwenye karakana kubwa za meli za mvuke, kando ya mfereji, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu. Otto aliiuza Ekhult kwa mfanyabiashara wa mjini, ambaye aliuza ng'ombe akaleta kondoo wa sufu. Chumba cha maziwa kikawa cha kuwekea sufu. Picha zikapelekwa kwa dada wa marehemu, isipokuwa ile ya ndugu watatu, iliyokuwa na ukungu. Iliachwa ghalani, na kuku walilala juu ya fremu yake. Gunilla na Lovisa walipewa chumba kimoja kwenye nyumba ya mjane wa askari, wakasokota sufu ya watu. Lovisa, kadiri alivyozeeka, hakuacha kumsimanga, na Gunilla hakuacha kumpikia uji.

Mwaka wa tatu muuza samaki wa chumvi alileta habari kwamba mhunzi Mattis ameoa, na ana binti. Gunilla akavaa viatu.

Alipofika kwenye nyumba za wafanyakazi, safu ndefu za mbao nyekundu zinazofanana, aliuliza Mattis wa Gunilla. Hakuna aliyemjua. Aliuliza mhunzi kutoka Ekhult. Wakatikisa vichwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo ndiye aliyemtazama vizuri, akasema, "Pengine unamtaka Strand? Yule mrefu wa pua?"

Alikuwa yeye. Alifungua mlango, akasogea pembeni mama yake apite.

"Strand?" Gunilla alimwuliza alipokwisha kukaa.

"Walinipa ofisini. Akina Mattis tulikuwa wanne. Mmoja akaitwa Berg, mmoja Lund. Lilikuwa limebaki hilo."

Mkewe aliitwa Lotta, mchangamfu, binti wa mlinzi wa mfereji. Alimkaribisha mkwewe kwa viazi na samaki, akamwekea kahawa na kumpakatisha mtoto. Mtoto alikuwa na pua ndogo ya kawaida, ya upande wa mama yake.

"Mama, nyie hamna ndugu?" Lotta aliuliza huku akimenya viazi. "Huyu mume wangu ukimwuliza kwao, utadhani umemwomba jino. Ananiambia ukoo wenu ni wewe na yeye basi. Kweli hakuna wengine?"

Mattis aliweka kijiko chini. Hakumtazama mama yake.

"Kweli," alisema Gunilla. "Ni sisi wawili tu."

"Na sasa huyu," alisema Lotta akimtekenya mtoto.

"Na sasa huyu."

Mattis akachukua kijiko chake, akaendelea kula.

Gunilla alilala usiku mmoja. Asubuhi Mattis alimsindikiza mpaka kwenye milango ya mfereji, pale maji yanapofungiwa ili kuinua meli, akimbebea kifurushi cha mkate ambacho Lotta alikifunga. Meli ilikuwa inapanda, maji yakiingia taratibu, na walisimama wakiitazama kama watu wasiofahamiana. Gunilla alikuwa amejiandaa njia nzima kumwambia kwamba alikosea. Alichosema ni:

"Nije tena?"

Mattis alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko ambavyo mama angetaka.

"Ukitaka," alisema, akampa kifurushi, akarudi kazini, kwa kuwa kengele ilikuwa imelia.

Gunilla alifuata njia ya kando ya mfereji. Baada ya hatua kadhaa mvua nyembamba ilianza, akakaza kitambaa chake kichwani. Neno lile la mwanawe, ukitaka, alilipindua huku na huku, kama mwanamke anayechunguza kitambaa sokoni, aone upande upi ni wa nje. Hakulipatia upande. Dereva mmoja wa gari la nyasi akamwita apande, naye akapanda, akakaa juu ya nyasi zilizolowa, na alipoulizwa anatoka kwa nani, alisema anatoka kwa akina Strand.